Mapipa Sita ya Ersilia

Ersilia Mancinelli alikuwa na mapipa sita, na mapipa hayo ndiyo yaliyomweka Monteruvo. Nalisema hilo mwanzo, mtu asije akadhani nasimulia mapenzi ya bibi kizee kwa mji wake. Alikuwa mjane wa miaka sabini na minne, mwenye goti bovu na shamba la mizabibu mteremkoni, chini kidogo ya magofu ya Warumi. Binti yake Tiziana, aliyeolewa mji wa Latina huko tambarare, alikwisha kumwekea kitanda katika chumba cha kushonea, ghorofa ya nne, dirisha linatazama kituo cha mafuta. Kila mwaka Tiziana aliuliza, "Mama, unakuja lini?" Na kila mwaka Ersilia alijibu, "Mwaka mvinyo ukinidodea." Mvinyo ukauzika, naye akabaki.

Mimi ni dalali wa mvinyo. Nilianza na pikipiki ya magurudumu matatu ya kuazima, na kwa miaka arobaini nilijaribu kumwuzia Ersilia mapipa yote kwa mpigo. Alinikatalia miaka yote arobaini. Yeye aliuza kwa tawi. Kwetu mvinyo mpya ukiwa tayari, siku ya San Martino, Novemba kumi na moja, mwenye pango la kuwekea mvinyo hutundika tawi bichi juu ya mlango, na mpita njia akiliona anajua humo kuna kinywaji. Chakula anakuja nacho mwenyewe: mkate, jibini ya kondoo, nyama ya nguruwe wa kuokwa ndani ya karatasi. Mwenye pango anatoa benchi, bilauri na mvinyo, basi. Nilipokuwa kijana matawi ya mtaa ule yalizidi thelathini. Mwaka ninaousimulia lilibaki moja, la Ersilia.

Mvinyo wake ulikuwa na siri, na siri yenyewe mji mzima uliijua. Mumewe Settimio, wakati bado ana meno yote, alichimba pango la nyumba yao liingie ndani zaidi ya mwamba, sururu ikatoboa ukuta. Nyuma yake kulikuwa na birika la Warumi la kuhifadhia maji, kavu, refu kama kanisa dogo, lipu yake bado imeng'ang'ania, na ubaridi wake haubadiliki Agosti wala Januari. Settimio akaingiza mapipa humo akanyamaza. Nasi tukanyamaza. Hapa kila nyumba ina chake. Alvaro mchinjaji hukalia kichwa cha nguzo ya marumaru. Kuku wangu wanakunywa maji katika kipande cha jeneza la mtu ambaye bila shaka aliheshimika. Ukilima ukagonga sakafu ya vijiwe vya rangi, unafukia, unapanda juu juu. Anayekwenda kuripoti huzungushiwa ua shambani mwake, akangoja wataalamu mpaka wajukuu wake waote mvi.

Mwaka ule San Martino ilikuja na mvua, na mvua haikuondoka. Wageni wanaopanda kuona ukumbi wa michezo wa Warumi pale juu huzunguka dakika arobaini, wanapiga picha, kisha wanatafuta choo na kinywaji, kwa utaratibu huo huo. Mvua ikinyesha hawaji kabisa. Kufikia katikati ya Desemba Ersilia hajamaliza hata nusu ya pipa la kwanza. Nikamletea Bwana Ghigo.

Nilimkuta magofuni, amejikinga chini ya tao lililovunjika, kitabu kichwani. Mwalimu mstaafu kutoka Torino, mwenyekiti wa chama cha wapenda mvinyo. Nilitazama viatu vyake, nikatazama koti, nikamwambia najua pahali.

"Huyu umemwokota wapi?" Ersilia akaninong'oneza mlangoni. "Amelowa kama jogoo aliyetoka kisimani."

"Amelowa, lakini ana marafiki arobaini wenye kiu."

"Basi mkalishe karibu na moto, asinifie hapa kabla ya kulipa."

Ghigo akanywa, akasifu. Akanywa tena, akasifu tena. Mara ya tatu akaiinua bilauri kwenye taa akasema, "Mama, ubaridi huu mnaupata wapi? Huu si wa friji."

Mara tatu. Kwetu mgeni akiusifu mvinyo wako mara tatu haachwi mezani. Anapelekwa akanywe pipani. Nilimwona Ersilia anajipangusa mikono kwenye aproni, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Quirino, kitoe kiatu chako juu ya changu."

"Ngazi zinateleza, Bi Ersilia."

"Nimezishuka miaka hamsini na miwili. Zimeanza kuteleza leo?"

"Mletee hapa hapa kwenye jagi. Mwungwana hatajali."

"Nitajali mimi," akasema, akachukua taa.

Tulishuka watatu. Ghigo hakuyatazama mapipa. Aliiweka bilauri chini, akagusa lipu kwa kiganja, akavua kofia. Kisha akatoa simu, akapiga picha tatu. Niliziona zote tatu. Ningeweza kusema neno. Lakini dakika ile ile alikuwa ametoka kusema kwamba chama chake kitachukua mapipa mawili mazima ikifika Aprili, na dalali hamkatizi mnunuzi anayesema ndiyo. Nilifunga mdomo kwa sababu ya mapipa mawili. Sijatafuta sababu nyingine na sitaitafuta.

"Umeona?" Ersilia akaniambia mgeni alipoondoka. "Mtu mwenye adabu. Nawe ulitaka nimnyweshe kwenye jagi kama mchukuzi."

Ghigo hakuwa mtu mbaya. Alikwenda kwao akaandika kwenye mtandao kwamba Monteruvo kuna mama anayehifadhi mvinyo ndani ya birika zima la Kirumi, akaweka picha, akaweka na jina la mtaa ili watu wamfuate mama huyo wamnunulie. Aliandika kwa kupenda.

Katikati ya Januari akaja ofisa wa mambo ya kale kutoka mjini, Bi Santarelli, mwanamke kijana, mpole, mwenye viatu visivyofaa mawe yetu. Alikuja na askari wawili. Hawakugombana na mtu. Waliteremka, wakapanda, wakafunga mlango wa pango, wakapitisha utepe na kupiga lakiri.

"Ni kwa muda tu, mama," Bi Santarelli akasema. "Mpaka wapimaji waje."

"Mvinyo wangu umo ndani."

"Hautaguswa na mtu yeyote. Uko salama kuliko ulivyokuwa jana."

"Binti yangu, hunielewi. Unatakiwa uguswe. Kila Jumamosi." Ersilia akamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto kwa nini moto unaunguza: pipa la mbao nalo linakunywa, kila wiki mvinyo unashuka kidogo, ukishuka hewa inaingia, na hewa ikikaa mvinyo umekufa. Lazima ujaziwe mpaka kwenye mdomo wa pipa, wiki kwa wiki. "Niachie nusu saa ya Jumamosi. Askari wako asimame hapo, nimpe na bilauri."

Bi Santarelli akatabasamu kwa huruma ya kweli. "Lakini mama, mvinyo si unazidi kuwa mzuri ukikaa?"

Alvaro mchinjaji alikuwa amesimama mlangoni kwake, kisu mkononi. "Huyu amesomea nini?" akaniuliza.

"Mawe," nikamjibu.

Jioni ile Ersilia aliweka kiti chini ya mlango, akapanda na goti lake lile, akashusha tawi. Nilitaka kumshushia mimi. Akasema, "Shika kiti."

Nilikwenda ile ofisi ya mjini mara nne. Nimefanya biashara na watu wagumu: wakulima wa milimani, mapadri, wajane watatu wa mtu mmoja. Kila mtu niliyewahi kukaa naye mezani alikuwa na kitu anachokitaka, nami kazi yangu ni kukijua kabla yake. Pale sikukuta mtu mezani. Bi Santarelli aliniambia ombi limepelekwa kwa wapimaji. Wapimaji wakasema wanangoja kibali cha ghorofa ya juu. Ghorofa ya juu kulikuwa na karani aliyekula chungwa, akaniambia faili limeshuka chini. Wote walikuwa wapole. Walinipa kahawa. Ningefurahi mmoja wao angenitukana, ningejua pa kuanzia.

Wiki ya tatu Alvaro alikuja kwa Ersilia nikiwepo. "Bi, ule ni utepe tu. Nina kisu. Tunaingia, tunajazia, tunatoka. Nani wa kusema? Mtaa huu haujasema neno tangu Settimio atoboe ukuta."

Ersilia akanigeukia. "Wewe unasemaje, Quirino? Wewe ndiye mwenye akili ya mambo haya."

Ningependa niandike kwamba nilisita. Sikusita. Nilimwambia kuvunja lakiri ya serikali ni kesi, na kwamba wakimpata watamchukulia nyumba na mvinyo pamoja. Nikamwambia karani ameniahidi wiki mbili. "Wiki mbili mapipa yanavumilia. Subiri."

"Mbili?"

"Mbili."

"Haya," akasema. "Alvaro, rudisha kisu chako kwenye nyama."

Akasubiri. Kila Jumamosi asubuhi alijaza mtungi wa kioo kutoka kwenye akiba ya jikoni, akaukumbatia mpaka mlangoni pa pango, akasimama mbele ya utepe. Mwanzoni alisimama kama mtu anayengoja duka lifunguliwe. Baadaye alikaa kwenye ngazi. Majirani walipita wakamsalimu, wakaacha kumwuliza. Wiki mbili zikawa sita, sita zikawa kumi na moja. Jumamosi moja ya Aprili nilimkuta ameinama, pua yake kwenye ufa wa mlango.

"Njoo unuse," akaniambia.

"Nina mafua, Bi Ersilia."

"Njoo."

Nikainama. Sikuwa na mafua, na pua yangu ndiyo iliyonilisha miaka arobaini. Nikasema sisikii kitu. Akanitazama kidogo. "Hujui kusema uongo usiokuwa na faida," akasema. Kutoka siku ile hakubeba tena mtungi.

Walifungua Mei. Wapimaji walikuwa vijana wachangamfu wenye mashine ya miguu mitatu. Kazi yenyewe iliwachukua asubuhi moja. Bi Santarelli alishuka ngazi wa kwanza akarudi juu na leso puani. Ersilia akampita. Alionja pipa la kwanza, akatema. La pili, akatema. Nilimwambia aache, yote yanajulikana. Akaendelea mpaka la sita. La sita hakulitema. Alilimeza, nami nikaanza kutumaini kama mjinga.

"Hili ni siki nzuri," akasema.

Bi Santarelli alikuwa analia. Alisema hakuambiwa, kisha akasema aliambiwa lakini hakujua. Alisema patawekwa kibao, pataingizwa katika njia ya wageni, na jina la familia litaandikwa.

"Na siki nayo mtaandika ni ya Warumi?" Ersilia akamwuliza. Hakuna aliyecheka isipokuwa kijana mmoja wa mashine, naye akajuta.

Pipa lililowahi kuwa na siki haliwekwi mvinyo tena, mbao hazisahau. Mapipa mapya sita yanataka fedha ya mavuno, na mavuno hayana pa kuwekwa. Hesabu hiyo hata mtu asiyejua kusoma anaifanya. Siku chache baadaye Ghigo alinipigia simu kutoka Torino. Amesikia birika limetangazwa rasmi, anafurahi mno, anauliza mama yule anajionaje sasa, na je, mapipa mawili ya chama yako tayari. Nilimwambia mvinyo umekwisha. Akasema hakushangaa, mvinyo mzuri kama ule.

Juni Ersilia aliniita. Alikuwa jikoni, anafunga sahani kwa magazeti.

"Niuzie shamba," akasema.

"Bi Ersilia, tungojee kidogo, bei ya..."

"Ulishaningojesha. Niuzie."

Mnunuzi alikuwa Tulli, analima matunda ya kiwi kule chini kwenye maji, na alitaka kulima na huku juu. Nilimbana siku tatu. Nilimtoza bei ambayo hakuna mtu Monteruvo amewahi kupata kwa mteremko ule, na ujira wangu nilichukua, nusu. Nisingechukua kabisa, Ersilia angejua kwamba namhurumia, na sidhani angenisamehe hilo pamoja na mengine.

Tulikutana shambani asubuhi. Mizabibu ilikuwa imetoa vishada vidogo vya kijani, vigumu kama risasi za kuwindia ndege. Tulli alikwisha piga chokaa kwenye mistari itakayong'olewa kwanza. Kwetu dalali hushika mkono wa muuzaji na mkono wa mnunuzi, anaikutanisha, wao wanabana, yeye anapiga juu kwa kiganja. Hapo mambo yamekwisha. Karatasi ni ya kuwafurahisha mawakili.

Tulli akatoa mkono. Ersilia mikono yake ilikuwa ndani ya mfuko wa aproni.

"Mkono, Bi Ersilia."

"Uchukue mwenyewe."

Niliingiza mkono wangu mfukoni mwake nikautoa ule wa kulia. Ulikuwa mzito, kama kitu cha kubebwa. Nikauweka katika mkono wa Tulli. Tulli akabana. Ersilia hakubana. Kwa desturi, mkono usiobana hauuzi. Ningekuwa dalali wa kweli ningesema hapana, tukutane wiki ijayo. Barabarani Tiziana alikuwa ndani ya gari, injini inanguruma, sahani zimepangwa kiti cha nyuma.

"Hizo kiwi," Ersilia akamwuliza Tulli, "huliwa na manyoya yake?"

"La, mama. Zinamenywa."

Nikavikunja vidole vyake kimoja kimoja juu ya mkono wa Tulli, nikavishikilia visifunguke, nikapiga.