Simu Iliyotangaza Umri wa Mwili Wangu

Jamani, haya nayasema kwa sababu Kisauni nzima inayajua tayari, na kila anayeyasimulia anaongeza chumvi yake, basi afadhali myasikie kwangu mimi niliyeaibika.

Mimi na Hassan ni pacha, tena wa kufanana hata mama alikuwa akitufunga uzi mkononi asituchanganye (siku hizi hahitaji uzi: mwenzangu anafundisha watu kuogelea Shanzu, kifua kimejaa, mimi nakesha kwenye yadi ya makontena Changamwe, kichwa kimejaa mvi). Nilipotaka kumuoa Mwanasha, shangazi yake aliyemlea, Bi Zuhura, akagoma kabisa. "Mzee yule? Atamwacha mwanangu mjane hata hina haijafutika!" Nikatoa kitambulisho, akasema vitambulisho hukosewa. Ndipo Hassan akanipeleka kliniki moja ya Nyali wanakopima umri wa mwili kwa mate, tukatema sote wawili. Jibu lake likatangulia: yeye ana miaka arobaini na miwili, mwili wake wa thelathini na saba. Nami nikajipigia hesabu, tumbo moja, damu moja, jibu moja. Nani angefikiri vingine?

Sasa, kwa desturi yetu mposaji hukaa nyumbani, wazee wakaenda kumsemea. Mimi nikang'ang'ania kwenda (ami yangu alinikataza mpaka akachoka), maana kliniki ilisema itapiga simu siku hiyohiyo na nilitaka Bi Zuhura asikie kwa masikio yake. Kahawa imemiminwa, halua iko mbele yetu, wanawake wako nyuma ya pazia, ami ndiyo kwanza asafishe koo, simu ikalia. Nikabonyeza spika, nikaiweka mezani.

"Hussein, uko mahali unaweza kuongea?" nesi akauliza.

"Sema tu dada, niko na watu wangu!" (Mjinga mimi.)

"Mwili wako umesoma miaka hamsini na tisa."

Wallahi ningeikata simu palepale mambo yangeisha, lakini mimi na ubishi wangu nikapayuka, haiwezekani, pacha wangu ana thelathini na saba na jeni zetu ni moja!

"Jeni ni moja," akasema kwa upole, "lakini juu yake kuna alama zinazoamua ipi ifanye kazi na ipi ilale, na alama hizo hubadilika kwa jinsi mtu anavyoishi na maradhi aliyopitia. Wewe ulituambia wavuta sigara, watafuna majani ya muguka usisinzie ukikesha, chakula chako cha usiku ni soda na mahamri, na ile TB uliyougua zamani..."

Nikairukia simu, vidole vimejaa mafuta ya halua, kila nikibonyeza vinateleza, na badala ya kuzima nikawa naongeza sauti, mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza nani anaumwa.

Ilipozimika, Bi Zuhura akasema kutoka nyuma ya pazia: "Wewe wasema una arobaini na miwili, mwili wako wasema hamsini na tisa. Sasa kati yenu wawili, nani aposa hapa?" Wazee wakaangua kicheko, na ami yangu mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi.

Kicheko nilikivumilia. Kilichonichoma ni Mwanasha aliyenipigia jioni. "Ya umri sijali, Hussein. Lakini uliugua TB, ukapona, na mimi nayasikia hayo pamoja na jirani?" Nilikuwa nimeogopa kwamba akijua atanikimbia.

Posa haikukataliwa, imesimamishwa mpaka nipimwe tena. Nesi anasema nikiacha moshi na muguka, nikalala kama binadamu, namba huenda ikashuka, ila haahidi. Nimeomba zamu ya mchana, natafuna karoti badala ya muguka. Spika ya simu sitaibonyeza tena maishani mwangu. Jibu likija nitalisikiliza peke yangu, kisha nitakwenda kumwambia Mwanasha kwa mdomo wangu, liwe zuri liwe baya, kabla mtu mwingine yeyote hajajua.