Hotuba Niliyoitoa Tukimzika Kukhu

Hata leo, kipaza sauti kikipiga ule mlio wake mwembamba kabla mtu hajaongea, wengine huziba masikio wakacheka. Mimi huwa nimesharudi Khayega, uani kwa Kukhu, mama yake baba, nikiwa na miaka kumi na mitatu na sare ya shule niliyoipiga pasi mara mbili.

Mwaka ule nilikuwa nikijifundisha mwenyewe tamthilia moja ya Kiingereza cha zamani. Hakuna mwalimu aliyenipa. Niliikuta kwenye sanduku la senje, dada yake baba, jalada limetafunwa na panya: habari za mtawala wa Roma ya kale aliyechomwa visu na rafiki zake. Niliisoma na kamusi magotini, na nikikosea neno nilirudi mwanzo wa ukurasa kama mtu anayejiadhibu. Kilichonishika si visu. Ni mazishi. Rafiki wa marehemu anaruhusiwa kuongea mbele ya maiti kwa sharti kwamba asiwalaumu wauaji. Naye hawalaumu. Anawasifu, tena na tena, na katikati anachomeka jambo dogo la kweli, mpaka sifa zinaoza mdomoni mwake na umati unataka damu. Niliona ni kazi safi kama hesabu. Nilimfanyia mazoezi ndama wa Kukhu, akasikiliza vizuri mpaka alipojaribu kula kitabu.

Kisha Kukhu akafariki.

Kwetu wajukuu hupewa zamu ya kuongea msibani, na nilichaguliwa mimi, mtu wa vitabu. Nilikuwa na hasira. Anko Shem, kaka mkubwa wa baba, alifanya kazi serikalini na kuishi Shieywe, mjini, mwendo mfupi tu wa pikipiki, lakini nyumbani hakuonekana. Nikaandika hotuba yangu nikifuata ile tamthilia.

"Anko wetu Shem anampenda mama yake," nilianza. Watu wakaitikia, "Amina."

"Krismasi Kukhu alimwekea jogoo. Tulimla sisi, kesho yake. Lakini Anko anampenda mama yake." Mtu akacheka nyuma.

"Kukhu alipoanguka jikoni, aliyemwinua ni jirani. Anko alikuwa kazini. Anampenda mama yake."

Mara iliyofuata sikuhitaji kumaliza. Vijana wa bodaboda walinimalizia kwa sauti moja: "Anampenda mama yake!"

Sitawaficha: mwili ulinisisimka kwa raha.

Anko aliposimama, hawakumpa nafasi.

"Ndugu zangu, mimi…"

"Keti, wewe! Jogoo alishaisha!"

"Rudi huko mjini!"

Ngoma za isukuti zikaanza kupigwa makusudi ili asisikike. Mtu akagonga gari lake kwa fimbo. Baba alimkumbatia kaka yake begani, akamkinga kwa mwili wake hadi mlangoni mwa gari. Likaondoka kabla jeneza halijashushwa.

Sasa niwaambie nisichowahi kumwambia mtu. Hotuba ile kwanza ilikuwa na sentensi moja zaidi. Kukhu alipolazwa mjini nilimpelekea uji, nikamkuta Anko Shem amepiga magoti sakafuni, tai ameitupia begani, anamkata mama yake kucha za miguu, wote wawili wanacheka. Niliiandika hiyo. Nikaisoma kwa sauti, nikaona inavunja mdundo. Nikaifuta.

Miezi baadaye nilisoma kurasa zinazofuata za ile tamthilia, ambazo sikuwa nimejali kuzifungua kwa sababu hotuba ilinitosha. Umati unamkamata mshairi njiani, mtu asiyehusika, kosa lake ni kuitwa jina moja na mmoja wa wauaji. Unamrarua. Aliyehutubu hata hayupo hapo.

Mwaka jana nilikwenda Shieywe kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu na kuyanyoosha, kama kawaida yangu. Anko alinimiminia chai, akauliza habari za kazi. Kabla sijaanza, akaniuliza kwa upole, kama anayeulizia njia:

"Siku ile, nilipoondoka, nani alitupa udongo wa kwanza?"

Kwetu hiyo ni haki ya kifungua mimba, yaani yake. Siku ile mchungaji alitazama huku na huku, na watu wakanisukuma mbele mimi, wakisema nimeongea kama mtu mzima.

"Ni mimi, Anko."

Aliinamisha kichwa. "Sawa," akasema. "Bora alikuwa mtu wa nyumbani."

Niliyaacha maneno yangu yote niliyoyapanga. Utotoni niliamini kwamba msaliti ni lazima adanganye, au ashike kisu. Mimi pale kaburini sikutamka uongo hata mmoja. Nilichagua tu ukweli upi usikike vizuri.

"Nilijua ulimpenda mama yako, Anko," nikasema. "Hata nilipokuwa nikiongea, nilijua."

Hakusema kama amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.