Mrija wa Baba

Miaka ya tisini, huko Dar es Salaam, daktari alimweleza baba yangu njia mbili za kutibu saratani ya tezi dume kwa mionzi. Moja ni mashine inayompiga mgonjwa mionzi kutoka nje kwa majuma kadhaa, na hakuna kinachobaki mwilini. Nyingine ni kupandikizwa punje za mionzi ndani ya tezi. Mwenye punje hizo hukaa mbali na watoto kwa muda. Njia hiyo ya punje hapa nchini haikuwepo. Baba akapigwa ya mashine.

Tuliporudi Kasulu aliwasimulia wazee wenzake njia zote mbili, wameuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi, kila mtu na mrija wake. Wao walishika ile ya punje tu. Kesho yake wakamwekea kibuyu chake pembeni.

"Tunawaogopea wajukuu, mzee mwenzetu," walisema.

Niliwafokea, nikawaapia, wapi! Baba alipona saratani, akanywa peke yake hadi malaria ilipomchukua.

Matangani, wazee walewale waliuchomeka mrija wake kwenye mtungi wao. Niliuchomoa mbele yao. Mpaka leo, nikipita penye wanywaji, nasikia mrija mmoja ukivuta pembeni.