Kope ya Juu Ikicheza

Kliniki ya macho ina benchi moja refu, na kila anayekaa humsimulia jirani yake kilichompata. Fundi wa kuchomelea vyuma alifanya kazi bila miwani. Mimi nilipeleka mdudu wa ziwani aliyeniingia jichoni nikiwa kwenye bodaboda, na kwa kweli niliona aibu, maana kando yangu alikaa mama mponda kokoto wa Mkolani, chembe ya jiwe imempiga jicho la kulia.

"Mama, si huwa mnajifunika kanga usoni mkiponda?" nesi alimuuliza huku akikata plasta.

"Tunajifunika, mwanangu. Ila siku hiyo kope ya juu ilikuwa inacheza tangu asubuhi."

Nesi akatabasamu. Nani asiyejua? Kope ya juu ikicheza, utamwona mtu uliyemkosa siku nyingi.

"Kijana wangu alikwenda machimboni Geita, akapotelea huko. Nikasikia pikipiki inapanda. Nikafunua kanga nimtazame, na nyundo ndiyo ilikuwa inashuka."

"Alikuwa yeye?"

"Muuza samaki."

Hakuna aliyecheka, hata yule fundi. Daktari atasema kilichomuumiza ni jiwe, na mimi si daktari. Lakini miwani ya kuzuia mawe inauzwa mjini. Ya kuzuia kungoja bado sijaiona dukani.

Nesi alipoweka pamba jichoni na kuanza kubandika plasta, mama alimshika mkono taratibu.

"Usilibane sana," alisema. "Bado linacheza."