Mpakaji Mafuta wa Timu ya Reli

Baba yake alichimba kisima chetu kwa mikono. Babu yake aliswaga ng'ombe hadi Mombasa. Yeye mwenyewe, kijana wa timu ya reli, kila Ijumaa aliketi mlangoni kwao, mjini Sultan Hamud, akiupaka mpira wa ngozi mafuta ya kondoo kwa kidole gumba, polepole, mshono kwa mshono. Ndiyo kazi ya mchezaji ambaye bado hajapangwa kucheza.

Mwaka wa 1951 akapangwa. Kapteni alimwazima viatu, na mpira wa kwanza ukampita.

"Ukikosa tena, rudi kwenye mafuta yako," kapteni akamwambia.

Kijana alivivua vile viatu, akavipanga vizuri kando ya mstari, akafunga bao kwa mguu mtupu.

Jioni aliniletea mpira na mkebe wa mafuta, mimi msichana wa jirani.

"Muthoki, sasa ni zamu yako. Anza na mshono. Mpira ukikauka, kichwa kitakachopasuka nikiupiga ni changu."