Mtungi Uliokataa Regulata Kule Kuluba

Ayikoru mdogo wangu, bado naikumbuka ile Jumamosi ya Kuluba, ingawa ningependa kuisahau. Nakuandikia kwa sababu ana kwa ana maneno hunikwama, na kwa sababu jana nilikukuta umelaza mtungi wa gesi ubavu, unautikisa ili utoe gesi ya mwisho. Ninyi watu mnanichosha. Jumatatu narudi bwenini, na Shangazi Candiru amesema wewe ndiye utakayeshika kazi kwenye trela yake ya kupikia. Basi kaa chini usome.

Tulikuwa na harusi ya kupikia. Trela ingevutwa na pikapu asubuhi na mapema kutoka Arua mpaka Koboko, halafu Kuluba. Ijumaa mtungi wetu ukaisha, Shangazi akanituma duka la gesi la mtaa wa Mvara kuubadilisha. Alinisisitizia mara mbili nichukue aina ileile. Dukani aina yetu haikuwepo. Muuzaji akanisogezea mtungi mwingine, akasema, "Sista, hizi zote iko moja tu. Peleka."

Mdomo wa ule mtungi haukufanana na wetu. Niliuona kwa macho yangu. Regulata, kile kichwa kinachofungwa juu ya mtungi na kushika mpira wa gesi, ilikuwa mfukoni mwangu. Ningesema tu, tujaribu hapa. Lakini nyuma yangu walisimama wavulana watatu wa shule yetu, nami ni mtu wa kuona haya hata kuomba chumvi. Nikapakia mtungi kwenye boda.

Kuluba, regulata ikawa inachezacheza juu ya ule mtungi kama jino bovu. Ungedhani hapo ningesema. Wapi. Nilikata ukanda wa mpira wa baiskeli, nikaizungushia, nikakaza, nikafungua gesi. Ilisikika sauti ndogo ya kupuliza. Nikajiambia itatulia, nikatoka kwenda kuosha mchele. Dirisha la trela tulikuwa tumelifunga kwa sababu ya vumbi.

Nilikuwa nimesharudi ndani Shangazi alipokuja na kiberiti mkononi. Alisimama mlangoni akaniuliza hii harufu ni ya nini. Nikamjibu labda ni vitunguu. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyosema. Alipotoa njiti ndipo nikamshika mkono. Akanitazama, akautazama mtungi, akairudisha njiti ndani ya kiberiti. Kisha akafunga gesi, akafungua dirisha, akanisukuma nje.

Tukapika kwa kuni. Watu walitoka kanisani wali ukiwa bado mbichi, na kina mama wa upande wa bwana harusi wakawa wanatuimbia kwamba trela ya gesi imekuja kuomba kuni. Shangazi alicheka nao mpaka sahani ya mwisho. Halafu akanikalisha kwenye ngazi ya trela, nami nikamsimulia ya dukani.

"Mtoto yangu," akasema, "uliogopa mutu ya duka, ukaogopa mimi. Moto ndiyo hukuogopa?"

Nikashuka ngazi, nikaenda kusugua sufuria.

Sasa nisikilize. Kabla ya kulipa, funga regulata palepale dukani, hata kama foleni imefika barabarani. Isipokaa sawasawa, uache huo mtungi. Mkisafiri, uliza kwanza huko mwendako wanabadilisha mitungi ya aina gani, maana Koboko hawapokei kila aina. Mtungi usimame wima, ufungwe kwa kamba usianguke njiani. Usiulaze hata gesi ikiwa inaishia, kwa sababu ile iliyo majimaji itapita kwenye mpira na moto utakurukia usoni. Paka maji ya sabuni penye maungio. Yakitoa mapovu, gesi inavuja. Na gesi hukaa chini, sakafuni, kwa hiyo mlango uwe wazi kila unapopika. Ukisikia harufu, funga mtungi, utoke, na useme kwa sauti, hata kama bibi harusi mwenyewe yuko karibu anakutazama.

Mungu akulinde wewe pamoja na huo uso wako mzuri, amlinde Shangazi anayekuamini, na akupe mdomo mkubwa kuliko wangu.