Maua saba ya Mswidi

Leo nimevishwa taji la maua, mimi niliyetoka eda mwezi uliopita.

Mwenzangu kazini, Mswidi, kanialika sikukuu yao ya kiangazi. Kwao huchezea majanini. Hapa Maskati kwa joto hili tumejifungia ukumbini, AC inavuma, watu wazima na heshima zao wanaruka kama vyura kuzunguka nguzo ya maua.

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu msiba.

Halafu akanipa maua saba.
"Yalalie chini ya mto. Utamuota atakayekuoa."

Papo hapo akakumbuka. Matangani alikuja, masikini. Akaniomba radhi, akataka kunipokonya.

Nikamwambia niachie.

Kwa sababu tangu tumzike mume wangu, sijamuota hata siku moja. Wanangu wanamuota. Jirani kamuota, tena kavaa kanzu niliyompigia pasi mimi. Kwangu haji.

Njiani nikapita dukani kuchukua mkate, maua nikayaacha garini. Kurudi, yamenyauka yote.

Nshayaweka chini ya mto hivyo hivyo.

Nambieni wenzangu, maua yaliyonyauka nayo huleta mtu?